Vyakula vya mjamzito kwa Ayurveda, tiba ya jadi ya India: nilichokatazwa, nilichopewa na nilichokichunguza nikiwa Rajkot

#1 MkungaWaPangani

Wakubwa shikamooni, wenzangu habari za leo.

Dada mmoja aliniuliza pembeni kama ni kweli papai linatoa mimba, maana mama mkwe wake mwenye asili ya Kihindi hataki hata kuliona ndani ya nyumba. Nilipoanza kumjibu nikaona jibu linarefuka, na maswali ya namna hiyo yananijia kila wiki. Basi nimelileta hapa tujadili wote.

Kwanza mjue naongea kama nani. Mimi ni mkunga, nimefanya kazi wodi ya wazazi mkoani Tanga kwa miaka sita. Mwaka 2019 nilimfuata mume wangu Rajkot, jimbo la Gujarat, alikokuwa akisoma uzamili. Nilikwenda na mimba ya wiki nane. Tulipanga juu, chini akiishi mwenye nyumba, bibi wa Kigujarati. Kule mama mtu mzima huitwa Ba, nasi tukamwita hivyo. Ba hakujua Kiingereza na Kigujarati changu kilikuwa cha sokoni, lakini tumbo lilipoanza kuonekana hatukuhitaji mkalimani.

Siku moja nimekaa kibarazani na sahani ya papai. Ba akaja, akaichukua mikononi mwangu, akasema neno moja mara tatu: garam, garam, garam. Yaani moto. Si moto wa jikoni, ni tabia ya chakula kikishaingia mwilini. Watu wa pwani hili si geni kwetu. Bibi zetu wa Pangani, Unguja na Mombasa nao wanagawa vyakula vya moto na vya baridi, ila wao waliupata mgawo huo kwa njia ya tiba ya Kiyunani iliyokuja na Waarabu. Ayurveda ina mzizi wake mwingine, lakini jikoni mambo yanakaribiana sana.

Kwa Ba, mimba inataka vitu baridi, vitamu na vyenye mafuta. Kitu cha moto kinaitikisa, kinaweza kuishusha. Orodha yake ya moto ilikuwa papai, nanasi, ufuta, uwele, bilinganya, uwatu, mayai, na sukari guru ikizidi. Mimi nilikuwa nakula papai kila siku kwa sababu ya choo kigumu. Usiku ule nikaanza kutafuta ukweli wa kila kitu alichonikataza.

Papai ndilo lililonifundisha zaidi. Papai bichi lina utomvu mweupe, na utomvu huo una vimeng'enya vinavyoweza kuuchokoza mji wa mimba ukaanza kubana. Mwaka 2002 watafiti wa Singapore walilijaribu jambo hili kwa panya. Juisi ya papai lililoiva haikuwadhuru panya wenye mimba, lakini utomvu wa papai bichi uliufanya mji wa mimba ubane kwa nguvu. Kwa hiyo Ba hakuwa akiota. Makosa yake ni kuliweka papai bichi na papai lililoiva kwenye kapu moja. Mjamzito asile bichi wala lililoanza tu kugeuka rangi, na asile ile saladi ya papai bichi wala achari yake. Lililoiva mpaka ndani likawa laini ni tunda zuri kwake, lina vitamini C na linalainisha choo.

Nanasi ni hadithi nyepesi zaidi. Kimeng'enya kinachoogopwa kipo kwa wingi kwenye shina na kile kigumu cha katikati, na kwa vipande vya kawaida mtu hafikii kiasi cha kudhuru mimba. Likikuwasha mdomo au kukupa kiungulia, acha. Basi.

Sasa mayai. Hapa nilisimama, na bado nimesimama. Nyumba ya Ba haikuingia nyama, samaki wala yai, na hiyo ni dini yake, naiheshimu. Lakini aliponiambia yai ni moto litamdhuru mtoto, nilikumbuka mama niliyempokea Tanga akiwa na miezi minane, damu imeshuka mpaka viganja vimekuwa vyeupe, na alipoulizwa anakula nini akasema mayai, maini na samaki amekatazwa na wifi zake. Huyo si Mhindi, ni Mswahili mwenzetu. Miiko yetu na ya kwao inakutana mahali pamoja: inamwondolea mjamzito vyakula vya kuongeza damu na kujenga mwili, tena katika nchi ambazo damu ndiyo shida kubwa. Uchunguzi wa kitaifa wa afya ya familia India wa 2019 hadi 2021 ulikuta asilimia 52.2 ya wajawazito wana upungufu wa damu. Kwetu Tanzania uchunguzi wa 2015 na 2016 ulikuta asilimia 57.

Hata mimi nilikuwemo. Kipimo changu cha kwanza cha damu kule kilikuwa 9.8, na mjamzito anatakiwa asishuke chini ya 11.

Yapo mengi ya Ba niliyoyashika kwa mikono miwili, na ningemshauri mama yeyote ayashike. Kila asubuhi alinipandishia bakuli la khichdi, wali uliopikwa pamoja na choroko na kijiko cha samli. Choroko na mchele vinapokutana, protini ya kimoja inaziba pengo la mwenzake. Alinilazimisha kula kidogo kidogo mara nyingi. Tangawizi aliiruhusu kwenye miezi ya kichefuchefu, na tangawizi kweli inasaidia, kiasi cha gramu moja kwa siku kinatosha. Alinipa komamanga, maziwa, mtindi, mchicha wao wanaouita palak. Mchana alinifungia mlango nilale.

Kipimo nilichojiwekea ni hiki, na nawaachia mkikosoe. Ushauri unaoongeza kitu kwenye sahani ya mama, naupokea kwanza halafu nauliza maswali. Ushauri unaopunguza kitu, unionyeshe sababu kwanza. Na kinachokuja kwenye kichupa au kipakti, kiwe cha unga au cha vidonge, sikigusi mpaka nijue kina nini. Hilo la tatu nitalirudia, maana ndilo zito kuliko yote.

#2 Mama_Nasra

Asante dada mkunga. Kwetu Dar tumeambiwa ukila mayai mtoto anazaliwa hana nywele, na wengine wanasema atakuwa mwizi. Mimba ya kwanza nilifuata, mtoto akazaliwa na kilo 2.1. Ya pili nilikula kila siku, na nywele alikuja nazo mpaka shingoni.

Swali langu ni zafarani. Jirani yangu wa Upanga ananiambia nitie kwenye maziwa kila usiku mtoto awe mweupe. Ina madhara?

#3 MkungaWaPangani

Mama Nasra, hongera kwa watoto.

Zafarani Ba alinitilia pia, nyuzi mbili tatu kwenye maziwa ya moto kuanzia mwezi wa tano. Kiasi hicho hakina shida, maziwa yanapata harufu nzuri na usingizi unakuja. Ubaya unaanzia kwenye wingi. Gramu tano kwenda juu huhesabiwa sumu, na zafarani nyingi inaweza kuuchokoza mji wa mimba. Nyuzi chache hazifiki hata sehemu ndogo ya gramu moja, kwa hiyo usiogope. Ila asikudanganye mtu ukanunua pakti nzima ukaimaliza kwa wiki.

La rangi halipo. Rangi ya mtoto inatoka kwenye damu ya baba na mama, imeshaandikwa tangu siku mimba ilipotungwa. Hakuna maziwa, dafu, nazi wala zafarani inayoigeuza. Nililia siku nilipoelewa kwa nini Ba ananitilia zafarani ile, kwa sababu alinipenda kweli, na alidhani anamtakia mwanangu heri. Kule wanaamini vyakula vyeupe vinaleta mtoto mweupe. Na sisi tusijitoe, wangapi hapa wameambiwa wanywe dafu kwa sababu hiyohiyo? Dafu ni zuri kwa maji na chumvichumvi zake. Tumwambie mama hivyo, tusimwambie kwamba rangi ya mwanawe ni ugonjwa wa kutibiwa tumboni.

Mwanangu alitoka na rangi ya baba yake. Ba ndiye aliyekuwa wa kwanza kumpakata baada yetu, na alimkanda kwa mafuta ya nazi siku arobaini bila kukosa.

#4 Vaidya_Mtanzania

Habari zenu. Nimesoma shahada ya tiba ya Ayurveda Jamnagar, kama kilomita 90 kutoka hapo Rajkot kwa dada. Miaka mitano na nusu, mwaka wa mwisho ni mazoezi hospitalini. Naomba niongeze kitu ambacho watu wengi hawakijui, hata Wahindi wenyewe.

Katazo la papai halimo kwenye vitabu vikongwe. Haliwezi kuwamo. Papai na nanasi ni matunda ya bara la Amerika, yalifika India na Wareno kuanzia karne ya 16. Charaka na Sushruta, ambao vitabu vyao ndivyo msingi wa Ayurveda na vina umri unaozidi miaka 1,500, hawakuwahi kuliona papai. Pilipili hoho na nyanya vilevile. Kwa hiyo mtu akikuambia "Ayurveda ya miaka elfu tano imekataza papai", anakuambia kitu alichosikia kwa bibi yake. Huenda bibi ana hoja, kama dada alivyoeleza kuhusu utomvu, lakini ni elimu ya bibi.

Kilichomo vitabuni ni utaratibu wa mwezi kwa mwezi, unaitwa garbhini paricharya. Kwa Charaka mwezi wa kwanza ni maziwa yasiyotiwa dawa, yaliyopoa, kadiri mama anavyoweza. Wa pili, maziwa yaliyochemshwa na mimea mitamu. Wa tatu, maziwa na asali na samli. Wa nne, siagi. Wa tano, samli. Wa sita na wa saba, samli iliyopikwa na mimea hiyo mitamu. Wa nane, uji wa mchele wa maziwa na samli. Sushruta kwa miezi mitatu ya mwanzo anasema chakula kiwe kitamu, baridi na cha majimaji.

Mwezi wa nne una jambo zuri sana. Wanasema hapo moyo wa mtoto umeshajidhihirisha, kwa hiyo mama ana mioyo miwili, anaitwa dauhridini. Anachokitamani ndicho mtoto anachokitamani, na asinyimwe. Sushruta anatisha kwamba mama akinyimwa, mtoto atazaliwa na kibyongo, kilema au mbilikimo.

#5 MkungaWaPangani

Vaidya, umenifungua macho kwa papai la Wareno. Miaka yote hii sikuliwaza.

Hiyo miezi mitatu ya kwanza mimi naiona ina akili ndani yake. Mama anatapika, harufu ya mafuta inamchukiza, nawe unampa kitu baridi, kitamu, cha majimaji, kidogo kidogo. Hivyo ndivyo tunavyoshauri wodini mpaka leo. Aliyeandika alikuwa amewaangalia wajawazito kwa macho yake.

Lakini la kutishwa na kilema kwa sababu ya hamu isiyotimizwa, hapana. Nimewaona kina mama wanaozaa mtoto mwenye mguu kifundo wakijilaumu kwamba siku fulani walitamani embe hawakulipata. Ni mzigo mkubwa wa bure. Hamu itimizwe kwa sababu mama anastahili kupendwa, inatosha. Ila kuna hamu moja isitimizwe, ya udongo. Wenzetu kule nao wanakula udongo, na sokoni kwetu unauzwa wazi kwenye mafungu. Mara nyingi ni dalili kwamba damu imepungua, na udongo huohuo unazidi kuzuia madini chuma yasiingie mwilini, achilia mbali minyoo na madini ya sumu yanayoweza kuwamo. Mama anayetamani udongo akapime damu.

Nina swali kwako Vaidya. Ba aliniambia Ayurveda imemkataza mjamzito nyama. Kweli?

#6 Vaidya_Mtanzania

Si kweli, na hili linaniuma. Sushruta mwezi huohuo wa nne anaagiza maziwa na siagi, na chakula kitamu pamoja na nyama ya wanyama wa porini. Imeandikwa. Anachokataza Charaka ni kuzidisha kitu kimoja kila siku. Mama anayekula samaki kila siku, anasema, mtoto atakuwa na macho mazito kupepesa. Chumvi kila siku, mtoto ataota mvi na makunyanzi mapema. Vitamu kila siku, mtoto atakuwa na kisukari, bubu au mnene kupita kiasi. Hayo ya macho na mvi hatuyachukui kama yalivyo, lakini lile la vitamu limenifanya nitafakari sana.

Kutokula nyama Gujarat kunatoka kwenye Uhindu wa Vaishnava na dini ya Wajaini. Ni imani ya watu na haki yao. Lakini kuivisha joho la tiba ni kosa. Mwaka 2017 kijitabu cha mama na mtoto kilichotolewa chini ya wizara ya tiba asilia ya India kilimshauri mjamzito aache nyama na aepuke tamaa za mwili, na madaktari wengi wa huko walikipinga wazi, wakisema nchi yenye wajawazito wengi wasio na damu haiwezi kuwaambia waache nyama.

#7 BintiKibokoni

Mimi niko Mombasa, Mji wa Kale. Nimefurahi kuona tunafanana. Hapa kwetu ukila samaki ukanywa maziwa juu yake utaambiwa utapata mbalanga. Majirani zangu Mabohora, Waislamu wenye asili ya India, wanasema hivyohivyo. Hii pia ni Ayurveda?

Jambo la pili. Mama yangu anataka nipunguze kula kuanzia mwezi wa saba ili mtoto asiwe mkubwa nikapasuliwa. Niko wiki ya 30. Nile vipi?

#8 Vaidya_Mtanzania

La samaki na maziwa limo kwa Charaka, kwenye vyakula asivyotaka vichanganywe. Na asali na samli kwa uzito sawa pia anakataza. Lakini mbalanga hautokani na chakula. Ukilipenda lishike kama adabu ya mezani, usiliogope kama ugonjwa.

#9 MkungaWaPangani

BintiKibokoni, mama yako mpe shikamoo yangu. Hofu yake naielewa, maana aliona watu wakifia uzazi zamani, na operesheni ilikuwa mbali. Ushauri huo wa kupunguza chakula upo India nzima, upo kwetu bara, upo pwani. Umezaliwa na hofu ya kweli, lakini haufanyi kazi. Njia ya mtoto inategemea nyonga yako, mkao wake na nguvu ya uchungu. Ukijinyima, mtoto anazaliwa mdogo na mnyonge, na wewe unaingia leba huna nguvu za kusukuma wala akiba ya damu. Mtoto mkubwa kupita kiasi tunayemhofia zaidi ni yule wa mama mwenye sukari, na dawa yake ni kupima sukari.

Ulivyo wiki ya 30 unahitaji kuongeza kidogo tu juu ya chakula chako cha zamani. Kilokalori 450 hivi kwa siku, yaani kama kikombe cha maziwa, yai na kipande cha muhogo au chapati moja. Kula kwa watu wawili si lazima, kujinyima kwa ajili ya wawili ni hatari.

Nawe umenikumbusha. Mwezi wa saba Wagujarati wanafanya simant, sherehe ya kumjaza mama pajani nazi, matunda na nafaka. Ba aliniletea mimi pia, mgeni asiye wa dini yake. Mwanamke amekaa katikati, na wote wanampa chakula. Utamaduni huohuo unaomkataza yai unajua pia kumjaza paja. Mtu akitaka kubadilisha miiko aanzie hapo, kwenye mkono unaotoa.

#10 Shangazi_Chumbageni

Mwanangu mkunga, nimesoma yote. Mimi nimezaa saba, nimezika mmoja. Tulifuata wazee. Mwezi wa tisa tulipewa mlenda na bamia mtoto ateleze, na baada ya kuzaa uji wa pilipili manga. Hatukupungukiwa kitu. Nyie mnasoma vitabu mnatuona wajinga?

#11 MkungaWaPangani

Shikamoo shangazi. Hapana, hakuna aliyekuona mjinga, na pole kwa uliyemzika.

Bamia na mlenda kuleni kwa raha zote. Vina foliki na vinalainisha choo, na mjamzito wa miezi tisa anayepata choo laini ameshapata faraja. Ba naye alinizidishia samli kwa imani hiyohiyo kwamba mtoto atateleza. Mafuta ya tumboni hayafiki kwenye njia ya mtoto, shangazi, yanapita njia nyingine. Kijiko kimoja kizuri, vijiko sita kwa siku ni uzito tu. Ninachokuomba usaidie kukataza ni dawa za kuharakisha uchungu, zile za mizizi na mafuta ya mbarika yanayonyweshwa nyumbani. Nimewaona walioletwa mji wa mimba umepasuka. Sauti yako nyumbani ni kubwa kuliko yangu hospitalini.

Uji wako wa pilipili manga nao una ndugu yake Gujarat. Unaitwa raab, unga wa uwele au ngano uliokaangwa kwa samli, sukari guru na tangawizi kavu. Ule uwele aliokuwa akinikataza kwa sababu ni moto, nilipojifungua tu Ba akaniletea kwa sababu ni moto. Na ladu za uwatu juu yake. Nilikula mpaka nikanenepa uso.

#12 Shangazi_Chumbageni

Marahaba mwanangu. Umesema kwa adabu nimeelewa. Hiyo ya mbarika nitaisema.

#13 Mama_Nasra

Sukari guru inaongeza damu? Muuzaji wa Kariakoo anasema ni bora kuliko vidonge vya kliniki.

#14 MkungaWaPangani

Ina madini chuma kidogo, lakini ukitaka ikutoshe kwa damu utakula sukari nyingi mno. Wahindi wana kisukari cha mimba kwa wingi, na serikali yao inataka kila mjamzito anyweshwe gramu 75 za glukosi, apimwe baada ya saa mbili. Ikifika miligramu 140 kwa desilita ana tatizo. Ukitafuta damu tafuta maini mara moja moja, dagaa, nyama, maharage, mchicha, pamoja na vidonge vya kliniki ambavyo ni bure. Kidonge kina miligramu 60 za madini chuma, sukari guru haifiki huko. Kinywe na chungwa au maji ya ndimu. Kisikutane na chai wala maziwa, acha saa moja au mbili katikati. Mimi maziwa ya Ba nilikuwa nakunywa usiku na kidonge mchana, na wiki ya 32 nilikuwa 11.4.

#15 Baba_Kijacho

Mkunga, umesema utarudia habari ya vichupa. Mke wangu ana miezi mitano. Mama mkwe alimwagizia mtandaoni vidonge vya Ayurveda vya kuongeza damu, ameshakunywa miezi miwili. Analalamika tumbo linabana, choo kigumu, uchovu. Tulidhani ni mimba tu. Vidonge vya kliniki aliacha kwa sababu hivi ni "asilia".

#16 MkungaWaPangani

Kaka, aviache leo. Usisubiri kesho. Chukua chupa na lebo yake, mpeleke mkeo hospitali kubwa mliyo karibu nayo, mwambie daktari maneno haya: nataka apimwe madini ya risasi kwenye damu.

Naeleza ili kila mtu aelewe kwa nini nimekaza. Katika utafiti uliochapishwa 2004, watafiti walinunua madukani Boston, Marekani, bidhaa 70 za Ayurveda wakazipima. Kati ya hizo, 14 zilikuwa na madini ya sumu: risasi, zebaki au aseniki. Mwaka 2012 mamlaka za afya za Marekani zilitoa taarifa ya wajawazito sita wa jiji la New York waliokutwa na risasi nyingi kwenye damu, na wote walikuwa wametumia dawa za Ayurveda kutoka India. Risasi inavuka kondo la nyuma na kugusa ubongo wa mtoto unaojengwa. Na dalili zake kwa mama ni tumbo kubana, choo kigumu, uchovu na kupungukiwa damu, yaani zilezile anazodhani ni za mimba. Ndiyo maana inakaa mwilini bila kugundulika.

Sisemi mkeo anayo. Nasema hatuwezi kujua bila kupima.

Na kuna jingine baya zaidi, dawa za kupata mtoto wa kiume. Sheria ya India tangu 1994 inakataza kupima jinsia ya mtoto tumboni, lakini unga wa kuomba mvulana bado unauzwa kwa siri. Tafiti zilizofanywa Haryana zimewahusisha akina mama walioutumia na watoto waliozaliwa na kasoro na waliozaliwa wafu. Jinsia imeshapangwa mimba ilipotungwa. Mtu akikuletea, usiionje.

#17 Vaidya_Mtanzania

Namuunga mkono dada bila kupunguza neno. Kuna tawi la Ayurveda linaloitwa rasashastra, linatumia madini yaliyochomwa mpaka yakawa majivu, ndiyo bhasma. Ule utaratibu wa miezi niliouandika juu haumo humo, ule ni maziwa, samli na uji. Ndugu Baba_Kijacho, tazama lebo. Ukiona naga ni risasi. Parada au rasa ni zebaki. Haritala ni aseniki. Lauha ni chuma. Sisi tulifundishwa kutowapa wajawazito madini haya kiholela, lakini mtandaoni hakuna wa kumuuliza mnunuzi kama ana mimba.

#18 Baba_Kijacho

Lebo ina lauha bhasma. Mengine yameandikwa kwa herufi zao, sisomi. Kesho asubuhi tunakwenda.

#19 MkungaWaPangani

Hata ikiwa ni chuma kitupu, hatujui kiasi gani na kimechanganyika na nini. Nendeni. Na mama mkwe msimgombeze, aliagiza kwa mapenzi. Aende nanyi akasikie mwenyewe.

#20 BintiKibokoni

Tunasubiri, kaka. Mungu awasimamie. Mama yangu nimemsomea jibu la wiki ya 30, amenyamaza, halafu akaniuliza kama nataka mkate wa sinia.

#21 Baba_Kijacho

Tumerudi. Daktari amebaki na chupa, damu ya kipimo cha risasi imechukuliwa, majibu tumeambiwa wiki ijayo. Damu yake ni 8.9. Ameandikiwa vidonge vya kliniki na atapimwa tena baada ya wiki nne. Mama mkwe alilia pale mapokezi. Tulipofika nyumbani alikwenda mwenyewe dukani, akamchemshia mayai mawili.

#22 MkungaWaPangani

Nimeshukuru sana kaka. 8.9 inapanda, nimeziona nyingi zikipanda. Kidonge akinywe mchana na maji ya ndimu, chai iwe asubuhi tu. Choo kikigeuka cheusi asishtuke, ni chuma. Akisikia moyo unakwenda mbio au pumzi inakata akipanda ngazi, arudi siku hiyohiyo asisubiri wiki nne. Na papai lililoiva mnunulie, litamsaidia choo. Majibu ya risasi yakitoka niandikie hapahapa, usiku wowote nitayaona.